Duka la vinywaji la Mangi, Moshi mjini: nyota tano hata kama limeshafungwa

Hili duka kwangu ni nyota tano, na naandika nikijua kabisa hakuna atakayeenda kununua kitu pale tena, limefungwa zaidi ya miaka kumi sasa na chumba chenyewe siku hizi wanauza simu na makava ya simu. Ila kila watu wakianza kutaja maduka ya vinywaji ya Moshi mjini naona wanataja haya ya juzi yenye taa za bluu na vioo, kana kwamba kabla ya hapo mji haukua na mtu anayejua kuuza pombe. Alikuepo jamani. Kwetu sisi ukoo mzima hakuna shughuli, iwe harusi, kipaimara, mahari au msiba, kuanzia miaka ya sabini mpaka siku wanafunga, ambayo kinywaji chake hakikutoka pale. Na sio kwamba tulikosa pengine, tulikua tunayapita maduka mengine njiani tunaenda kwa Mangi.

Kwa ambao hamkulikuta, ulikua unatoka kipilefti cha mnara wa saa, unaliacha jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, unashuka kama unaelekea soko kuu, mitaa ile ya majengo ya zamani ya Wahindi yenye baraza mbele na ghorofa moja juu. Milango miwili ya mbao rangi ya kijani, kaunta ndefu ya mninga iliyolika katikati kwa kuburuzwa chupa, nyuma yake shelfu mpaka darini, na nyuma zaidi stoo ya giza ambayo ilikua na ubaridi hata Februari Moshi inapowaka. Kibao kilikuepo lakini kilishafutika, jina la kwenye leseni sijui nani alikua analijua, watu walisema kwa Mangi tu. Uchagani wenye maduka wote wanaitwa Mangi lakini ukimwambia dereva teksi nipeleke kwa Mangi wa vinywaji hakuulizi mara mbili.

Historia yake nimeipata kwa shangazi, dada yake baba, ambaye alikua keshia pale tangu 1977, mwaka uleule Safari Lager inaingia sokoni. Mwanzilishi alikua Mgoa, yaani Mhindi mwenye asili ya Goa, enzi za mkoloni, na wateja wake walikua wazungu wa mashamba ya kahawa na mkonge, whisky na brandi na vitu vya namna hiyo. Mwafrika wakati ule hakua anaruhusiwa kuuziwa pombe kali, kwahiyo babu yangu alikua anashuka na kahawa yake mjini, anapita pale dirishani, anaangalia zile chupa anaendelea na safari. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, jengo likaenda kwa Msajili wa Majumba, yule Mgoa akahama na familia yake, na duka akamwachia kijana wake wa stoo kwa makubaliano ya kulilipia taratibu. Huyo kijana wa stoo ndo Mangi. Mzee wa Kibosho, mrefu, anaongea polepole, kalamu sikioni, na yeye mwenyewe alikua hanywi isipokua mbege, pombe yetu ya ndizi, siku ya sherehe nyumbani kwake. Babu alisema siku ya kwanza kuingia pale na kununua chupa ya brandi kwa hela ya kahawa yake hakuifungua, aliiweka juu ya kabati sebuleni ikakaa miaka.

Sasa huduma, maana hapo ndo penye nyota zote.

Kitu cha kwanza ni chupa. Vijana wa siku hizi wamezoea kopo na chupa za plastiki hawajui kwamba zamani bila chupa tupu hupati bia, chupa ilikua na thamani kuliko hata hela yako, ukienda mikono mitupu unaacha pesa ya chupa na wakati wa uhaba hata hiyo pesa ya chupa hawaitaki, wanataka chupa. Shangazi ndo alikua anazipokea. Nimekaa sana pale kwenye gunia la mkaa pembeni ya kaunta nikisubiri amalize kazi twende nyumbani, kwahiyo hiki nimekiona kwa macho. Anachukua chupa moja, kidole cha shahada kinazunguka mdomo wa chupa kutafuta pengo, anaigeuza juu kwenye mwanga wa mlangoni, halafu anainusa. Kila chupa. Kreti la soda lina chupa 24 na zote 24 zinanuswa. Watu walikua wanawekea mafuta ya taa, samli, asali, na kwetu sisi wa kahawa mbaya zaidi ilikua mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia mikahawa, ikishakaa kwenye chupa inaacha utando wa bluu kule chini kwenye kona. Chupa ya mafuta ya taa alikua anakurudishia. Ya mrututu hakurudishii, anaiweka chini ya kaunta na jioni inavunjwa kwenye pipa nyuma ya duka, na hela ya hiyo chupa Mangi anakulipa ili tu usiondoke nayo. Watu walikua wanalalamika kwamba foleni haisogei. Lakini nani mwingine mjini alikua anafanya hivyo? Kiwandani najua wanaosha chupa, ila yeye alikua anasema chupa iliyobeba sumu isirudi kwenye mzunguko kabisa.

Chupa za konyagi nazo alikua ananunua tupu kwa hela ndogo halafu anazivunja hizohizo. Nilipokua mdogo nilidhani ni wazimu, unanunua kitu unavunja? Shangazi akanieleza kwamba kuna watu wanaziokota mabaa, wanajaza pombe yao ya uchochoroni, wanafunga vizuri na kuuza kwa bei ya konyagi, na mtu anaweza akapofuka macho. Kwahiyo kila chupa aliyoivunja ni moja ambayo matapeli hawataipata.

Kitu cha pili, na hiki ndo kila mtu wa umri wa wazazi wangu atakuambia, ni namna alivyoendesha duka miaka ya uhaba. Tukumbushane kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, kwahiyo bia ya Tusker ya kuvuka Taveta ikawa ya njia za panya, vita vya Kagera 1978 mpaka 1979, mafuta yakapanda, nchi ikaishiwa fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Bia, soda, sukari, sabuni, vyote mgao. Baba na mama walipanga kuoana kipindi hichohicho na Mchaga kuoa bila kinywaji ni aibu inayorithiwa, mbege ipo ndio, mbege inatoka kwenye ndizi zako na ulezi hakuna serikali inayoigawa, lakini wageni wa mjini na upande wa mama walitegemea bia na watoto walitegemea soda.

Baba akaenda kwa Mangi akamweleza. Mangi akamwambia kila mgao ukiingia nitakupa kreti moja ya bia na moja ya soda, sio zaidi maana wengine nao wana shughuli zao, njoo na chupa tupu, lipa, chukua risiti, na mzigo ukae kwako. Dukani siweki kitu cha mtu. Hiyo ilikua 1983, vita ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi imepamba moto, mwenye duka akikutwa na mzigo umejificha stoo anaondoka nao, na kuna watu walikua wanamwaga bidhaa mtoni usiku kwa woga. Yeye stoo yake ilikua wazi, mlango umeegeshwa na jiwe, anayetaka aingie aangalie. Kwahiyo baba akawa anapandisha kreti kijijini mojamoja kwenye basi, na zikawekwa chumbani kwa bibi, maana bibi ndo mtu pekee ambaye hakuna mtu angethubutu kumwibia. Bibi alilala na zile kreti miezi. Alikua anazifunika na khanga, wageni wakiingia anakalia moja kama kiti anapiga stori kama kawaida. Baba mdogo anasema yeye na wenzake walikua wanajua kabisa kuna nini chini ya ile khanga na hakuna aliyegusa. Harusi ikafanyika mwaka uliofuata, kinywaji kikatosha, na mpaka leo mama akitaka kumsifia mtu kwamba ni mwaminifu anasema huyo ni kama Mangi wa chupa.

Mahesabu yake sasa! Hapa naomba niwe mrefu kidogo maana sijawahi kukutana na muuzaji mwingine wa aina hii popote, sio Arusha, sio Dar. Ulikua ukienda na oda ya shughuli hakuandiki kwanza. Anavuta kiti, anakuuliza. Wageni wangapi. Wazee wangapi, maana wazee watakunywa mbege. Mbege mnapika wenyewe au mnanunua, na inaiva siku gani, maana mbege ikiwahi kuiva inachacha kabla ya siku na watu wote watahamia kwenye bia. Walokole wangapi, Waislamu wangapi, hao ni soda. Watu wa kutoka Dar wangapi, hao alikua anawahesabu peke yao kabisa, anasema mtu aliyetoka Dar kuja kijijini anakunywa kwa niaba ya wawili. Kuna ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma? Ndafu inakatwa saa ngapi? Kama nyama inachelewa watu wanalewa mapema. Mwezi gani, kwenu ni juu kwenye baridi au huku tambarare. Akimaliza hapo anachora mistari kwenye daftari lake la kaunta na anakutajia idadi, na mara nyingi idadi yake ilikua chini ya uliyokuja nayo. Yaani anakupunguzia oda. Mwanakamati amekuja na hela mfukoni yuko tayari kununua na mwenye duka anamwambia hii ni nyingi punguza.

Baadhi ya watu walikua wanabisha, wanachukua nyingi kwa kuogopa aibu, na yeye hakua anagombana nao kwasababu alikua na sheria moja: kreti ambayo haijafunguliwa irudishwe ndani ya wiki na hela yako unarudishiwa yote. Yote, sio nusu, sio chukua kitu kingine chenye thamani hiyo. Alikua anaandika alama kwa chaki ubavuni mwa kreti, herufi za ukoo na kijiji, KIB kwa Kibosho, MAR Marangu, na zikirudi anaangalia alama anaangalia vizibo anakutolea hela kwenye droo. Kwenye harusi ya dada yangu tulirudisha kreti nyingi tu na hiyo hela ndo ililipa gari la kurudisha viti na maturubai. Naomba mtu aniambie ni duka gani Tanzania hii leo linafanya hivyo.

Desemba ilikua ni balaa lingine. Wanaojua Moshi wanajua, Wachaga wote waliosambaa nchi nzima wanarudi kwao krismasi, mabasi ya kutoka Dar yanajaa wiki nzima, na mji unabadilika. Kuanzia tarehe ishirini hivi pikapu zimejipanga barazani mpaka kona ya pili, za Rombo, za Machame, za Uru, za Old Moshi, wapagazi wanapiga kelele, na ndani Mangi haongezi sauti hata siku moja. Alikua anaongeza watu wawili wa kubeba tu. Bei hakupandisha. Wengine mjini wakiona watu wa Dar wameingia wanapandisha, yeye bei ya Novemba ndo ya Desemba, imeandikwa kwa chaki kwenye ubao nyuma ya kaunta kila mtu anaiona. Sisi watoto tulikua tunapendelea kwenda na baba siku hiyo kwasababu kila mtoto aliyemwamkia Mangi alipewa soda, unaruhusiwa kuchagua. Mimi nilikua nachukua Fanta. Lakini umtume mtoto na hela aje kuchukua bia ya baba yake, hapana, alikua anampa mtoto hela yake irudi na ujumbe kwamba baba aje mwenyewe nimsalimie. Baba yangu alijaribu mara moja akaletewa huo ujumbe na akaenda.

Nimesema aliuza pombe lakini jambo ambalo familia yetu inamkumbuka nalo zaidi ni pombe ambayo alikataa kuuza. Baba mdogo, mdogo wake baba wa mwisho, alikua fundi mzuri wa magari na kipindi fulani pombe ilimchukua. Sio ile ya jioni na marafiki, ilikua ya asubuhi. Bei ya kahawa ilianguka baada ya 1989 ule mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika, gereji aliyokua anategemea wakulima na malori ya vyama vya ushirika ikakauka, na yeye akakauka nayo. Akawa anakuja pale dukani kuchukua konyagi ndogo, na keshia ni nani, ni dada yake wa kuzaliwa. Shangazi hakua na uwezo wa kumkatalia. Akimkatalia anaambiwa mbele ya watu we dada unajifanya nani, akimuuzia anarudi nyumbani kwa bibi anakuta bibi hajala.

Siku moja Mangi alikua anahesabu kreti stoo akasikia sauti. Akatoka, akamwambia shangazi we kaa tu hii ni yangu. Akamwambia baba mdogo, mwanangu leo sikuuzii. Baba mdogo akasema mzee hela ninayo hii hapa. Mangi akamwambia hela naiona, na kesho pia sikuuzii, na hapa hutanunua tena mpaka uje na kaka yako mkubwa mkiwa mmeshikana mikono, nenda nyumbani nisalimie mama yako. Mbele ya wateja wote. Baba mdogo alitukana sana siku ile, shangazi anasema alitukana matusi ambayo hajawahi kuyarudia kwa mtu, na Mangi alisimama pale mikono kwenye kaunta mpaka akamaliza, halafu akamwita kijana wa stoo amsindikize mpaka kwenye gari la Kibosho na nauli akatoa yeye.

Sitaki kudanganya kwamba aliacha kesho yake. Alienda kununua kwingine, alikua na hasira miaka kadhaa. Lakini alipoacha, na aliacha kweli, ni miaka mingi sasa hajagusa, yeye mwenyewe ndo anaisimulia hii stori, na anasema mji mzima ulikua unachukua hela yake na mtu mmoja tu ndo aliikataa. Mangi alipofariki baba mdogo ndo aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, aliomba mwenyewe kwa familia na walikubali.

Viroba navyo, vile vifuko vya pombe kali vilivyokuja kujaa kila mahali, alivijaribu mara moja. Shangazi anasema aliviweka kaunta, na asubuhi ya kwanza walionunua wote walikua vijana wa stendi ambao hawajanywa hata chai. Akavirudisha kwa aliyemletea na hakuviweka tena, japo maduka ya jirani yalikua yanatengeneza hela nzuri sana. Serikali ikaja kuvipiga marufuku Machi 2017 na yeye hakuepo kuiona siku hiyo, ila pale kwake vilishapigwa marufuku zamani.

Divai pia ilikua ya uhakika. Wakati watu wanaidharau divai ya Dodoma yeye alikua anaiweka, amezilaza chupa stoo kule kwenye ubaridi, sio juu ya shelfu dirishani jua linazipiga kama wengine. Alikua anapenda sana kuwaeleza watu kwamba Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ukimuuliza divai ya kumpelekea baba mkwe atakuuliza baba mkwe anapenda tamu au kavu, na kama hujui anakuambia rudi ukamuulize mchumba wako halafu ndo uje.

Mapungufu yapo na nitayasema. Foleni kama nilivyosema, ukiwa na haraka pale sio mahali pako. Pa kupaki gari hapakuepo kabisa, unasimama barabarani unapigiwa honi. Saa saba mchana alikua anafunga anaenda kula hata kama mmejaa mlangoni, anawaambia nitarudi saa nane na anarudi saa nane kweli. Pombe za nje hakua nazo nyingi, ukitaka whisky ya maana ulikua unaambiwa subiri nikuagizie na unaweza ukasubiri sana, upande huo haya maduka mapya yamemzidi kwa mbali. Na bia ya baridi ulikua hupati zaidi ya chache, friji moja tu, la mafuta ya taa mwanzoni na baadae la umeme, alisema yeye anauza kinywaji cha kwenda nacho, anayetaka cha baridi aende baa akae chini.

Kwanini lilikufa? Sio kwasababu ya ubaya. Kampuni ya bia ya TBL ilipobinafsishwa 1993 wakaingia Waafrika Kusini, usambazaji ukabadilika taratibu, magari ya bia yakaanza kupita kila grosari mpaka huko vijijini juu, kwahiyo mtu wa Marangu hana haja tena ya kushuka mjini kuchukua kreti. Ikaja bia ya Kilimanjaro 1996, mashindano ya kampuni yakawa makali, bia ikawa sio kitu cha kutafuta tena bali inakutafuta yenyewe. Wateja wa Mangi wakabaki wale wa shughuli kubwa, na hao nao wakaanza kukabidhi kila kitu kwa kamati na kumbi za mjini ambazo zinakuja na kinywaji chao. Watoto wake wamesoma, wako Dar na mmoja yuko Marekani, hakuna aliyetaka kukaa kwenye kaunta. Mzee alipofariki walimalizia stoo, wakalipa kila aliyekua anadai, na shangazi alipewa kiinua mgongo chake na lile daftari la oda akaomba alichukue, wakampa. Analo. Nimelipitia, harusi ya wazazi wangu imo, kipaimara changu kimo, msiba wa babu umo, na kwenye msiba wa babu safu ya malipo imeandikwa baada, kwasababu msiba alikua anatoa mzigo kwanza na hela inakuja watu wakishazika. Hakuweka hata tarehe ya mwisho wa kulipa.

Sasa kwa mnaopanga shughuli Moshi msimu huu na mmeniuliza muende wapi. Duka kama lile sijaliona, lakini yapo mawili matatu mjini yanajitahidi, na kabla hujatoa hela uliza haya. Uliza kama wanapokea kreti ambazo hazijafunguliwa na wanarudisha hela yote au wanakulazimisha uchukue kitu kingine, na waandike kwenye risiti. Pombe kali angalia stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, ilianza 2019, kama haipo au imechubuliwa acha hapohapo. Angalia bei ya Desemba ukilinganisha na ya Novemba, kwahiyo nenda mapema ukaipige picha. Na idadi usiwaachie wakupangie wao, kaa na shangazi zako muwahesabu wageni kwa makundi, wa mbege, wa bia, wa soda, na wa kutoka Dar muwaweke peke yao.